Hesabu Karata Kwanza

Kipushi, Jumatatu, kazi moja ya juma, tarehe 4 Machi 1974

Ndugu Ngosa,

Salamu. Barua hii inakuja na Mama Kapinga wa samaki wakavu, haikupita posta. Kisha kuisoma uichome moto.

Unajua lile duka la Mgiriki ninamofanya kazi ya karani. Tangu maduka ya wageni yalipochukuliwa na Serikali, limepewa Citoyen Kasonde, mtu ambaye hakuwahi kuuza hata kiberiti. Kila siku ya posho, Jumamosi, kazi ya lazima ya salongo ikiisha, anacheza karata za poker saa nane za mchana kule nyuma, juu ya meza ya kupimia unga. Wanacheza watu wane. Wa nne alikuwa Paulin, aliyekuwa akilinda depo pamoja na mimi. Paulin alishinda siku tatu za posho zikifuatana. Kisha jeep ikakuja, siku ya kazi tatu, asubui, watu wawili wakamuomba kwa heshima apande. Ni juma tano sasa, hajarudi. Mama yake anafika kila siku mbele ya comptoir, meza ya kuuzia. Hanunui kitu. Ananiangalia tu.

Juzi Kasonde akaniambia: “Mwape, kiti iko wazi. Siku ya posho utakaa weye.”

Sijui poker. Nikikataa, nimemtukana. Nikishinda, umeona ya Paulin. Wewe unajisifu kila siku kwamba unacheza na Wazungu kule Cercle, klabu yao. Sasa nifundishe. Usinifundishe kushinda. Nifundishe namna mtu anacheza halafu anasimama, anarudi kwake.

Ndugu yako,
Mwape


Lubumbashi, tarehe 6

Mon cher Monsieur Clerc,

Ah! Leo njo unakumbuka miye! Weye mwenye masomo ya secondaire, weye ulikuwa unanisahihisha hata même “bonjour”, leo unalia kwa Ngosa wa cinquième primaire, darasa la tano tu. Nilicheka mpaka glasi ikanianguka. Lakini umefika pa muganga. Hapa Cercle, batu banapoona miye nakaribia ku meza, banafunga karata ku kifua. Bananiita Professeur.

Sikiliza. Ile Kiboko ya abacost, koti ya bakubwa bila tai (njo jina nimemupa patron wako, tumbo ile haiwezi kukosa jina) atatoa karata tano kwa kila mutu. Mbele ya kuziangalia, kila mutu anaweka kidogo mu katikati, ni feza ya kuingilia. Bisi, tunatumia bifuniko bya bia ya Simba, kila kifuniko iko na bei yake. Unaangalia zako pole pole, sawa vile unachungulia bibi ya jirani. Banawekeana bifuniko mara ya kwanza. Kisha unatupa zile mubaya, unaomba zingine, moja, mbili, tatu. Banawekeana mara ya pili. Kisha, mwenye kubakia anaonyesha.

Sasa nani anakula nani. Karata mbili sawa, ile ni paire, ni mapacha. Mapacha mara mbili inakula mapacha mara moja, même mama wa kijiji anajua. Tatu sawa, brelan, inakula ile. Halafu quinte: tano zenye kufuatana sawa batoto ba masomo mu mulongo. Halafu couleur: tano zote za kabila moja, zote za moyo, ao zote nyeusi za mukuki, hapana kuchanganya. Juu yake, FULL: tatu sawa pamoja na mapacha, mutu wa bibi mbili, nyumba yote imejaa. Full inakula couleur. Andika ile, usisahau. Halafu carré, nne sawa, ile ukiiona umushukuru Mungu na ufunge kinywa. Karata ziko makumi tano na mbili, kuanzia mbili mpaka as, ile ya kupita zote.

Kiboko ataogopa weye. Mambo ya Paulin ni bahati mubaya tu, pengine jeep ilikuwa na mambo yake. Kulala muzuri.

Professeur Ngosa


Kipushi, tarehe 11 Machi

Ngosa,

Nimerudi nyumbani, basi ni kitu.

Tuko wane: Kasonde, muuza dawa mmoja anaitwa Casimir (zamani; tangu majina ya Kikristo yakatazwe, ni Citoyen kama sisi wote), mwalimu mmoja mwenye kukohoa, na mimi. Nimeweka orodha yako chini ya kiti, kichwani najirudilia kama katekisimu. Nikafanya vile nilifikiri: kila mara Kasonde akiweka, ninatupa karata zangu. Mara sita, mara saba. Mara ya nane alisimama. Akanishika shingo hapa nyuma, polepole, kama mtu anapima ukubwa wa kola.

“Mwape, miye ni mutoto? Unanichezea sawa mutoto?”

“Hapana, Patron.”

“Paulin alikuwa mwanaume. Alikuwa anacheza.”

Wengine waliangalia meza. Umeelewa? Hataki nishinde, na hataki niache ashinde. Anataka nipigane halafu nianguke. Nifundishe namna ya kuweka vifuniko, maana mimi sijui hata kusema nini wakati zamu yangu inafika.

Na neno lingine dogo: mchana mzima sikupata mbili hata moja, wala tatu, wala nne. Ni kawaida?

Mama ya Paulin alikuja tena leo.

Mwape


Lubumbashi, tarehe 13

Ndugu wa shingo nyembamba,

Kama hukupata mbili, ni bahati yako! Mbili ni karata ya bamasikini. Mutu anapata karata kubwa kubwa tu, na analia! Weye hata ku paradiso utauliza juu ya nini hakuna mbu.

Alors, maneno ya meza. Kama hakuna mwenye ameweka mbele yako, na weye haujui bado, unasema “parole”. Maana yake: nimekaa kimya, zamu ipite. Kama mwenzako ameweka, uko na njia tatu tu. Unafuata, ni kusema unaweka sawa yake. Ao unaongeza, unaweka ya kwake na zaidi, ili aone moto. Ao unapasa: unatupa karata chini, ile uliweka imekwenda, unabakia na macho. Kupasa ni ya batu ya woga. Miye, Ngosa, haijanitoka mu kinywa hata siku moja.

Kama bifuniko biliisha, unaweza kuweka kitu: saa, mukaba, nguo. Ukisukuma yote, ni “tapis”. Kisha tapis hakuna maneno tena, ni kuonyesha.

Na bluff, ile njo kazi ya baprofesseur. Hauna kitu, lakini unaweka sawa vile uko na kitu. Siri ni hii: usiseme mingi. Sema kitu kimoja kidogo kyenye kuwa na sura ya kweli, kisha nyamaza, acha mwenzako ajitishe mwenyewe. Mwenye kusema sana hana kitu. Mwenye kunyamaza gafla, ogopa.

Dawa yako njo hii: ngoja siku weye uko na karata muzuri, lakini Kiboko ananyamaza gafla. Pale umejua ako na kubwa kupita yako. Mufuate mpaka mwisho, utoke jasho, uanguke sawa mwanaume. Atakupenda! Atakununulia abacost ndogo ya kitoto, mukae pamoja sawa kiboko na mutoto yake.

Choma.

Ngosa


Kipushi, tarehe 25 Machi

Ngosa,

Ninaandika upesi, usome vile unaweza.

Siku ya posho nilipata nne za moyo na moja ya takataka. Nikatupa takataka, nikaomba moja. Ikakuja ya moyo. Couleur, mkononi mwangu, mara ya kwanza. Kasonde naye aliomba moja tu. Akaiangalia. Akanyamaza. Alikuwa anasimulia ya shangazi yake wa Kasungami, akaikata katikati.

Nikajisemea: hii ndiyo. Alikuwa na mapacha mara mbili, sasa imekuwa full. Full inakula couleur, niliiandika, sikuisahau. Nikafuata. Akaongeza. Nikafuata. Casimir akapasa, mwalimu akapasa. Vifuniko vya Kasonde vikaisha, akavua saa yake akaiweka katikati. Mimi nikasukuma vyangu vyote. Nilikuwa na furaha, Ngosa. Nilifikiri, leo ninaanguka, kesho ninalala.

Akafunua: wafalme watatu, na karata mbili za kumi. Mimi nikafunua moyo wangu, nikamsukumia kila kitu: “Umenikula, Patron.”

Casimir akacheka. “Weye mutoto, nani alikufundisha? Hizi ni karata za belote, muchezo mwingine, hapa hakuna mbili mpaka sita. Karata ziko 32. Mu 32, couleur inakula full. Umemukula Patron!”

Hakuna aliyecheka tena. Nikasema, Patron, nilikosea, chukua saa yako. Akajibu: “Ya meza ni ya meza. Vaa.” Akanivalisha yeye mwenyewe, akafunga mshipi. Halafu akauliza kwa sauti ya chini: “Kweli, nani alikufundisha? Bazungu ba Cercle njo banahesabu vile.” Nikasema nilisoma ndani ya gazeti.

Nyumbani nikaivua. Nyuma yake kuna maandishi ya msumari: PAULIN, NA MAMA, 1971.

Sasa ananilazimisha kuivaa kazini. Mama ya Paulin anakuja asubui, ninaficha mkono ndani ya gunia la chumvi. Na Kasonde, kutoka ofisini, kila mara: “Mwape, ni saa ngapi?” Ninamwambia. Kisha dakika kumi: “Mwape, ni saa ngapi?”

Barua zako sijazichoma. Nilihitaji orodha. Ziko ndani ya mukebe wa maziwa.

Mwape


Lubumbashi, tarehe 27

Mwape,

Choma. Leo. Mbele ya kumaliza kusoma hii.

Nilikamata karata za Cercle, nikaondosha mbili mpaka sita, nikabakia na makumi tatu na mbili. Nikajigawia karata tano ku jikoni siku mbili. Full zilikuja. Couleur, haikukuja hata moja. Ni kweli: kila kabila imebakia na batu munane tu, kupata tano ya kabila moja ni nguvu. Njo sababu inapita. Uliniandikia hukuona mbili hata moja. Uliniambia! Na miye nikakuchekesha na bamasikini. Ilifaa niseme: hesabu karata kwanza. Kitu cha kwanza, mbele ya yote.

Na kuko ingine. Sijakaa ku meza ya poker hata siku moja. Miye naosha glasi, yaya, ndugu yangu mukubwa. Nasimama nyuma ya Bazungu na plateau, sinia ya glasi, naangalia. Hakuna mwenye ananiita Professeur. Bananiita “eh”. Mukubwa moja wa Région, wa jimbo nzima, anakujaka na walinzi, ameisha niagiza Simba mara makumi, hajaniangalia mu macho.

Sasa unajua. Ukasirike kisha, saa hii ukimbie. Mupaka wa Zambia uko pale nyuma ya mugodi, batu banapita kila siku na sukari ku kichwa. Usingoje siku ya posho. Na mama ya Paulin usimuambie kitu mpaka umefika ngambo, atapiga kelele na utapotea.

Unijibu upesi. Neno moja tu. Mama Kapinga anarudi kesho.

Ngosa


Kipushi, le 3 Aprili 1974

Mpendwa Ndugu Ngosa,

Mimi ni mzima wa afya na ninafurahi sana. Kazi ni nzuri. Patron ni mtu mwema na baba kwa sisi wote.

Patron amesoma barua zako na amecheka. Anasema amependa jina ulilompa, Kiboko ya abacost, na hakuna mtu aliyewahi kumpa jina zuri kama hilo. Anatamani kukutana na Professeur. Amekualika siku ya posho tarehe 6, saa nane, ukae katika kiti cha nne. Usiogope kitu. Tunacheza na karata 52, vile vile kama ulivyonifundisha.

Mletaji wa barua hii ni dereva wa Patron. Umpe jibu mkononi. Anajua sasa mahali unapolala.

Ndugu yako anayekupenda,
Mwape


Lubumbashi, kazi ine, tarehe 4 Aprili

Citoyen Kasonde, kwa mukono ya Mwape,

Nashukuru kwa mwaliko. Siku ya posho sitaweza, juu Mukubwa wa Région anakuja ku meza yetu na ananitaka pale. Jina yake sitaandika ku karatasi.

Nilimusomea barua yenu. Alicheka pa Kiboko. Kisha akauliza maneno mbili: nani ule anacheza karata siku ya salongo, na saa ya PAULIN iko ku mukono ya nani. Nikasema sijui.

Atatuma mutu siku ya kazi moja, tarehe 8, kununua sabuni pale dukani. Anapenda Mwape njo amupimie.

Ngosa


Ngambo, njia ya Solwezi, tarehe 9 Aprili

Ngosa,

Karata ni 32. Sasa ninakuambia ya kweli.

Nilijua utaona. Barua ile ya tarehe 3, Kasonde alisimama nyuma yangu na kuniambia kila neno, lakini hesabu ya karata hakuisema yeye, niliongeza mimi, na yeye akaona ni salamu tu. Waliukuta ule mukebe, wakanifungia ndani ya depo tangu kazi tano, tarehe 29 Machi, kati ya magunia. Usiulize mengine. Mkono wa kulia ndio ninaandika nao, wa kushoto utapona.

Dereva alileta barua yako jioni ya tarehe 4. Kasonde aliisoma mara mbili. Akaiweka juu ya meza, uso chini, kama karata. Alinyamaza sana, Ngosa. Nikafikiri, ananyamaza, ako na kubwa, tumekufa. Kisha akavuta funguo. “Kazi moja upime sabuni. Oga.”

Kazi moja sikupima sabuni. Nilipita kwa mama ya Paulin alfajiri. Niliweka saa mkononi mwake. Aliigeuza, akasoma nyuma kwa kidole. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: “Inatembea?” Nikasema ndiyo. Akaiweka sikioni, na mimi nikaendelea hadi mpakani, nikavuka.

Sasa sikiliza, maana ni zamu yako. Mama Kapinga amevuka leo na bidhaa zake, anasema mtu wa sabuni hakufika, na Kasonde alimngoja jana siku nzima mlangoni. Leo amemwagiza fundi abacost mpya. Siku ya posho tarehe 13 atakuja Lubumbashi, Cercle, kumsalimia Mukubwa wako yeye mwenyewe. Ameweka sawa yako, Ngosa. Analipa ili aone.

Una nini mkononi?

Mwape


Lubumbashi, kazi ine, tarehe 11

Mwape, yaya,

Nina plateau moja na suruali mbili.

Tangu jana kila mutu mwenye kuingia, nafikiri ni tumbo ya Kiboko. Jana dereva wake alisimamisha Peugeot ngambo ya barabara, akakula ndizi yote, akaangalia mulango, akaenda. Glasi tatu nimezivunja. Gérant, mwenye kusimamia Cercle, anasema atanikata mushahara. Akate. Mukubwa wa Région alifika saa kumi, nikamupelekea Simba yake. Nilifikiri, barua yenu sikumusomea kweli, labda nimuambie sasa. Nikafungua kinywa. Akasema “eh, barafu,” nikaenda kuleta barafu.

Nilikuambia kupasa ni ya batu ya woga. Alors, niandike vizuri, mutoto wa secondaire asinisahihishe: napasa. Barua hii inatangulia na batu ba sukari; miye nakuja kwako ngambo kesho asubui, na Mama Kapinga, chini ya bitunga bya samaki. Nitanuka mpaka Noeli, usinicheke.

Karata za Cercle nimezichukua. Zile makumi tatu na mbili ziko mu mufuko, tutacheza weye na miye, na bifuniko tu, na weye utagawa. Zile makumi mbili zenye kubakia, kuanzia mbili mpaka sita, nimezipanga ku comptoir, uso juu, mahali Kiboko ataweka kiwiko yake siku ya posho.

Utazihesabu zangu ukinipokea. Hesabu mbele ya kunisalimia.

Ngosa